Mzaha na Mipaka Yake: Hukumu ya Kumtisha Mtu kwa Mchezo

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu akampa uso wa kucheka na jicho la kulia. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Masahaba wake, na kila mwenye kuifuata njia yao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo: somo hili linahusu jambo ambalo watu wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni mzaha wa vitendo, yaani mtu kumfanyia mwenziwe hila ili ashituke, adanganyike au aaibike, kisha wengine wapate kucheka. Mambo haya yalikuwapo tangu zamani. Lakini katika zama hizi yamepata nguvu mpya, kwani mzaha uliokuwa ukimalizika barazani sasa hupigwa picha kwa simu na kutazamwa na maelfu ya watu katika intaneti. Kwa hiyo yampasa kila mzazi, na khasa mwenye kulea watoto ugenini, ajue ni mzaha upi ulioruhusiwa na upi uliokatazwa.

Kwanza: Mzaha ulio halali

Uislamu si dini ya uso uliokunjamana. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitania, na Masahaba walipomuuliza juu ya utani wake aliwafahamisha kuwa hata katika kutania hasemi ila la kweli. Hicho ndicho kipimo cha mwanzo.

Alipoombwa mnyama wa kupanda, alimwambia mwombaji kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Mtu yule akastaajabu, atamfanyia nini mtoto wa ngamia? Mtume (S.A.W.) akamzindua kuwa hakuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Neno lilikuwa la kweli tangu mwanzo, na mwombaji akaondoka na haja yake.

Kilicho karibu zaidi na mzaha wa vitendo ni kisa cha Zahir, mtu wa jangwani aliyekuwa hana uzuri wa sura. Mtume (S.A.W.) alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma bila ya yeye kumuona. Zahir akauliza ni nani aliyemshika, na alipomtambua, akazidi kuuegemeza mgongo wake kwenye kifua cha Mtume kwa mapenzi. Mtume (S.A.W.) akanadi: nani atamnunua mja huyu? Zahir akajibu kuwa yeye ni bidhaa isiyo na thamani. Hapo akaambiwa kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye ni mwenye thamani kubwa.

Katika kisa hiki kuna mambo matatu ya kuzingatiwa. Neno “mja” lilikuwa kweli, kwani kila mtu ni mja wa Mwenyezi Mungu. Pili, aliyetaniwa alifurahi kabla ya mtu mwingine yeyote. Tatu, mzaha ulimalizika kwa kumnyanyua mtu aliyekuwa akijiona duni. Mzaha wa namna hii hujenga udugu.

Pili: Mzaha uliokatazwa

Mzaha huwa haramu ukiingiwa na moja katika mambo yafuatayo.

1. *Uwongo.* Mtume (S.A.W.) ametoa onyo kali, akalikariri, kwa mwenye kusema uwongo ili awachekeshe watu. Kwa hiyo hakuna siku katika mwaka, iwe tarehe mosi Aprili au nyingineyo, ambayo ndani yake uwongo umehalalishwa.

2. *Kumtisha mtu.* Imepokewa na Abu Daud kuwa Masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala. Baadhi yao wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, naye akafazaika. Mtume (S.A.W.) akawabainishia kuwa si halali kwa Muislamu kumtia khofu Muislamu mwenziwe. Na izingatiwe kuwa kilichochukuliwa ni kamba tu, tena kwa nia ya kucheza. Hata hivyo hukumu ilitolewa juu ya ule mfazaiko wa moyo.

3. *Kuchukua mali ya mtu.* Imekatazwa kuchukua kitu cha ndugu yako, kwa mchezo au kwa kweli. Anayechukua hata bakora ya mwenziwe lazima airudishe.

4. *Kumuelekezea mtu silaha.* Mwenye kumuelekezea nduguye chuma, malaika humlaani, ijapokuwa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja.

5. *Kumdhalilisha.* Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, wanaume kwa wanawake wamekatazwa kuwakejeli wenzao, kwani huenda anayekejeliwa akawa bora kuliko mwenye kukejeli.

6. *Kuyafanyia mchezo mambo ya nikahi.* Nikahi, talaka na kumrejea mke ni mambo matatu ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli. Mume aliye Dubai anayemwandikia mkewe aliye Unguja kuwa amemwacha, kisha akaongeza kuwa alikuwa akitania, amejiingiza katika mlango ambao haufungiki kwa kicheko.

Na katika Surat al-Baqara, aya ya 67, watu wa Nabii Musa (A.S.) walipodhani kuwa anawafanyia mzaha, alijikinga kwa Mwenyezi Mungu asije akawa miongoni mwa wajinga. Kumchezea mtu katika jambo zito kumehesabiwa hapo kuwa ni ujinga.

Tatu: Funzo kutoka Pickering

Ili uzito wa khofu ufahamike vyema, yafaa kulitazama tukio moja la karibu. Halikuwa mzaha, nalo ni kosa la kazi; lakini linaonyesha wazi nini hutokea watu wanapotishwa bila ya sababu.

Pickering ni mji ulio mashariki ya Toronto, nchini Kanada, ufukweni mwa Ziwa Ontario. Hapo pana kituo cha nyuklia kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1971, nacho kimezungukwa na majumba ya watu. Toronto na miji iliyo jirani nayo wanaishi jamaa wengi wenye asili ya Unguja, Mombasa na pwani nzima, na wengi wao wana ndugu katika nchi za Ghuba.

Jumapili ya tarehe 12 Januari 2020, saa 1 na dakika 23 za asubuhi, simu za mkononi zililia kwa mpigo mmoja katika jimbo zima la Ontario, lenye watu zaidi ya milioni 14. Maskati ilikuwa saa 10 na dakika 23 za alasiri. Ujumbe ulitoa habari ya tukio katika kituo cha nyuklia cha Pickering, ukaongeza kuwa hakuna miale isiyo ya kawaida iliyotoka na kwamba watu wa karibu hawahitaji kuchukua hatua yoyote. Lakini nani aliyezinduliwa usingizini kwa kengele ya hatari husoma mpaka mwisho akatulia? Wengi waliona maneno mawili tu: nyuklia na tukio.

Kweli ni kuwa hapakuwa na tukio lolote. Ofisa wa zamu katika kituo cha dharura cha jimbo alikuwa akifanya jaribio la kawaida wakati wa kupokezana zamu, akaingia katika mfumo wa matangazo ya kweli badala ya ule wa majaribio. Tangazo la kukanusha halikufika katika simu za watu ila saa 3 na dakika 11, yaani baada ya dakika 108. Kampuni ya Ontario Power Generation, yenye kukiendesha kituo hicho, ilikwisha kusema mapema zaidi kuwa ujumbe ule ni kosa, lakini si kila aliyeisikia kengele alilisikia neno hilo.

Athari yake haikumalizika siku ile. Watu waishio hadi kilomita 50 kutoka kituoni huweza kuagiza bure vidonge vya iodidi ya potasiamu, vyenye kuikinga tezi ya shingo isinyonye iodini yenye miale. Kwa kawaida maagizo yalikuwa baina ya 100 na 200 kwa mwezi. Katika siku mbili, tarehe 12 na 13, yalipita 32,000. Aliyekuwa Meya wa Pickering, Dave Ryan, alidai uchunguzi kamili. Sylvia Jones, waziri wa jimbo aliyesimamia usalama wa raia wakati huo, aliomba radhi hadharani, na ripoti ya uchunguzi ikatolewa Februari ya mwaka huo huo, ikataja kosa la mtu pamoja na upungufu wa mafunzo na taratibu. Miaka miwili kasoro siku moja kabla yake, tarehe 13 Januari 2018, watu wa Hawaii nao waliambiwa kwa makosa kuwa kombora linawajia, wakakaa dakika 38 wakiyangojea mauti mpaka habari ilipokanushwa rasmi.

Kutokana na hayo yanapatikana mafunzo matatu.

*Funzo la kwanza:* khofu huingia kwa sekunde moja na hutoka kwa taratibu. Mwenye kufanya mzaha hudhani kuwa neno “nilikuwa natania” huurudisha moyo mahali pake. Pickering ujumbe wenyewe ulisema kuwa hakuna khatari, na bado maelfu walitafuta dawa. Basi vipi mama aliyepigiwa simu akaambiwa kuwa mwanawe amepata ajali, hata kama akiambiwa kweli baada ya dakika moja?

*Funzo la pili:* ikiwa kosa lisilokusudiwa limehitaji uchunguzi, radhi na ripoti, basi linalokusudiwa lastahiki zaidi. Mfanya mzaha huyafanya kwa makusudi yale ambayo ofisa yule aliyafanya kwa kughafilika.

*Funzo la tatu:* uwongo huila amana ya habari. Kila mtu anakijua kisa cha mchunga kondoo aliyepiga yowe la mnyama mkali kwa kucheza, hata alipokuja mnyama wa kweli hakutoka mtu kumsaidia. Kengele ya hatari ni amana ya watu wote, na anayeichezea huwadhulumu hata wale ambao hajapata kuwaona.

Hapa pia pana wajibu wa mwenye kusikia. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, Waumini wameamrishwa waihakikishe habari inapoletwa na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 83, wamelaumiwa wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulirudisha kwa wenye mamlaka na ujuzi. Anayepokea habari ya kutisha akaisambaza kwa jamaa zake wote kabla ya kuithibitisha, ameshiriki katika khofu itakayowapata.

Nne: Mzaha uliomaliza roho

Disemba 2012 watangazaji wawili wa redio moja ya Sydney, Australia, walipiga simu katika hospitali ya London alikolazwa mke wa mwana wa mfalme, wakajifanya kuwa ni Malkia na mwanawe. Muuguzi mmoja mwenye asili ya India akaamini, akaipitisha simu yao kwa mwenziwe, na habari za mgonjwa zikatoka. Dunia ikacheka. Siku tatu baadaye muuguzi yule alikutwa amefariki, na uchunguzi wa mwaka 2014 ukathibitisha kuwa alijiua. Aliacha mume na watoto wawili. Mwaka 2015 Mahkama Kuu ya Australia iliamua kuwa kituo kile cha redio kiliweza kuhesabiwa na mamlaka ya utangazaji kuwa kimevunja sheria.

Watangazaji wale hawakutaka mtu afe, walitaka kicheko. Lakini mwenye kurusha jiwe gizani hajui atakayempiga. Aliyetaniwa huenda ana deni, ana ugonjwa wa moyo, ana mimba, au amebeba huzuni ambayo hakumwambia mtu. Yule mwenye kucheka huona dakika moja tu ya maisha ya mwenziwe.

Sheria za nchi nazo zimelitambua hilo. Kanada kupiga kengele ya moto ya uwongo kwa makusudi ni jinai yenye adhabu ya hadi miaka 2 jela, na kuwadanganya askari ili waanze upelelezi wa jambo lisilokuwapo huweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Oman, Amri ya Kifalme nambari 12 ya mwaka 2011 juu ya makosa ya teknolojia ya habari inaadhibu kuingilia faragha ya watu kwa simu na picha. Emirati zimeweka sheria nambari 34 ya mwaka 2021 dhidi ya uvumi na makosa ya mtandao. Kijana asiyejua haya aweza kuiingiza familia nzima katika matatizo ya ukaazi kwa sababu ya picha ya nusu dakika.

Tano: Jawabu ya wenye kumtaja Nuayman

Wapo wanaosema: mbona Sahaba Nuayman bin Amr alikuwa mtu wa mizaha, na inasimuliwa kuwa katika safari ya biashara pamoja na Abu Bakr (R.A.) alimuuza mwenziwe Suwaybit kwa mabedui kwa bei ya ngamia kumi, na Mtume (S.A.W.) akacheka alipopata habari?

Jawabu ni kuwa wajuzi wa Hadithi wameitia dosari sanadi ya kisa hiki, na wasimulizi wamekhitalifiana hata juu ya nani aliyeuza na nani aliyeuzwa. Isitoshe, katika kisa hicho hicho Abu Bakr (R.A.) aliwaendea mabedui wale, akawarudishia ngamia wao na kumkomboa mwenziwe, yaani haki zilirudishwa kabla ya kicheko. Na kisa chenye shaka hakivunji katazo lililo wazi.

Sita: Dhamana na toba

Kutokusudia dhara hakuondoi dhamana. Imesimuliwa katika vitabu vya Fiqhi kuwa Umar bin al-Khattab (R.A.) alipeleka mtu kumwita mwanamke mmoja, naye kwa khofu ya kuitwa na Khalifa akaharibu mimba. Umar akawashauri Masahaba. Baadhi yao wakaona kuwa halimpasi lolote, kwani yeye ni mwenye mamlaka ya kutia adabu. Ali (R.A.) akaona kuwa inampasa diya, na Umar akalikubali hilo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa Khalifa aliyeita watu kwa kazi yake, atasema nini aliyejificha nyuma ya mlango ili mtu apige ukelele?

Na asitosheke mtu kwa kusema kuwa dhambi hiyo ni ndogo. Wanazuoni wa Kiibadhi wamefundisha kuwa kuendelea na dogo huligeuza likawa kubwa, na kuwa hakuna uombezi kwa mwenye kufa akiwa ameshikilia kubwa bila ya kutubia. Masharti ya toba ni kuacha, kujuta, na kuazimia kutorejea. Na ikiwa dhambi imegusa haki ya kiumbe, kuirudisha haki hiyo au kupata msamaha wake. Na toba huwa kwa kadiri ya dhambi: ya siri kwa siri, na ya dhahiri kwa dhahiri.

Hapa linarudi lile funzo la dakika 108. Tangazo la kukanusha lilipasa kupita katika njia ile ile iliyopita khofu, mpaka liwafikie wote waliotishwa. Vivyo hivyo, aliyemuaibisha mwenziwe mbele ya watu ishirini hatosheki kumwomba radhi chumbani. Aliyesambaza picha aifute, na awaambie wale waliopelekewa kuwa alikosea.

*Suali:* Kijana ameificha pasi ya mwenziwe siku ya safari, kwa kucheza, kisha akaitoa. Ndege imekwisha kuondoka. Je, ana lawama?

*Jawabu:* Ana madhambi mawili: kuchukua mali ya mtu kwa mchezo, na kumtia khofu. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha hasara, impase kulipa alichopoteza mwenziwe, pamoja na kumtaka radhi.

*Suali:* Mtu amefanyiwa mzaha akacheka pamoja na wenziwe. Je, hiyo si dalili ya kuridhika?

*Jawabu:* Si lazima. Wengi hucheka kwa kuogopa kuambiwa kuwa hawana uvumilivu wa utani. Ridhaa ya kweli hujulikana kwa kumuuliza faraghani, pasipo na wenye kutazama.

Saba: Wajibu wa wazee

Mtoto anayekulia ugenini huona skuli wenziwe wakifanyiana hila, na huogopa kuonekana mgeni akikataa. Mzazi asimuambie tu kuwa ni haramu akanyamaza. Ampe kipimo cha kupimia mwenyewe. Kipimo hicho ni masuali manne: Je, neno ni la kweli? Je, aliyetaniwa atacheka wa kwanza? Je, hakuna khofu, hasara wala aibu ndani yake? Je, ungeridhia mama yako afanyiwe hivyo? Likikosekana moja, na aache.

Na wazee wenyewe watazame vinywa vyao. Baba anayemtisha mtoto kwa zimwi ili alale, au anayemwita kwa kumuonyesha ngumi iliyofumbatwa kama kwamba ina tende na kumbe ni tupu, ndiye mwalimu wa kwanza wa uwongo nyumbani. Ndugu zake Nabii Yusuf (A.S.) walimtoa kwa baba yao kwa jina la mchezo, wakarudi usiku na kanzu yenye damu ya uwongo, na mzee yule alilia miaka mingi.

Masuali ya kujipima

1. Taja mambo sita yanayoufanya mzaha uwe haramu.
2. Kisa cha Zahir kinatofautiana vipi na kile cha kamba ya aliyelala?
3. Kwa nini watu wa Ontario waliogopa ijapokuwa ujumbe ulisema kuwa hakuna hatua ya kuchukua?
4. Ni nini maana ya toba ya dhahiri kwa dhambi ya dhahiri?
5. Kila mmoja katika nyumba afikiri: yuko mtu aliyemtisha au kumuaibisha kwa mchezo, na bado hajamtaka radhi?

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba za Waislamu kuwa nyumba za furaha isiyo na madhara na amani isiyo na khofu. Amin.